Dawa ya magugu na uzazi wa mwanamume: maswali ya wakulima wa Magharibi, Nyanza na Nakuru

Mvua ndefu ikishika, kutoka mashamba ya mahindi ya Kitale hadi miwa ya Muhoroni na Awendo, bomba la mgongoni halipumziki. Vibarua wa jembe wamekuwa haba, na ekari ambayo watu wanne wangeipalilia kwa siku kadhaa, mtu mmoja huimaliza kabla ya saa sita mchana. Simlaumu anayepiga dawa. Nimekuwa afisa wa kliniki katika ukanda wa miwa kwa miaka mingi, na wanaume wanaokuja kwangu kwa sababu ya malaria au maumivu ya mgongo huniuliza swali lao la kweli wakiwa wameshasimama kuondoka, mkono kwenye kitasa cha mlango. Nimeyaandika maswali hayo hapa, pamoja na yale ambayo wake zao huniuliza bila kuzunguka.

Je, ni kweli dawa ya magugu inaweza kumfanya mwanamume asizae?

Inaweza kuchangia. Wapo wanaume waliopiga dawa miaka ishirini na wana watoto saba, lakini hao hawathibitishi kwamba dawa haina neno, kama vile mzee wa miaka tisini anayevuta sigara hathibitishi kwamba sigara ni salama. Inategemea ni dawa gani, imekufikia mara ngapi, kwa kiasi gani, na kwa njia ipi.

Kwa wanyama wa maabara, baadhi ya dawa zimeonyesha madhara waziwazi: homoni za kiume hushuka, mbegu hupungua au hutoka zikiwa na kasoro. Ila panya wa maabara mara nyingi hupewa kiasi kikubwa kuliko kile kinachomfikia mkulima. Kwa binadamu, watafiti hupima manii na mkojo wa watu walioguswa na dawa, kisha huwalinganisha na wengine. Tafiti kadhaa zimekuta mbegu duni kwa walioguswa zaidi, nyingine hazikuona tofauti. Ugumu mkubwa ni kwamba mkulima hatumii dawa moja. Machi anapiga ya magugu, Mei ya viwavijeshi, Juni ya ukungu kwenye nyanya. Kuinyooshea kidole chupa moja kati ya hizo ni kazi ngumu hata kwa mtaalamu.

Napiga dawa, na kitandani sina shida yoyote. Basi mimi ni mzima?

Hapana, hilo halitoshi kukuambia. Nguvu za kiume ni jambo moja, mbegu ni jambo lingine. Mwanamume anaweza kusimamisha vizuri, akamaliza vizuri, manii yakaonekana ya kawaida kabisa kwa macho, na ndani yake kusiwe na mbegu hata moja. Sehemu kubwa ya manii ni majimaji ya tezi, na mbegu ni kiasi kidogo sana cha ujazo wake. Hazionekani bila hadubini.

Kuyachanganya mambo haya mawili kumeumiza nyumba nyingi. Mume anajiona dume, kwa hiyo hatia yote inahamia kwa mke.

Mbegu hutengenezwaje, na dawa inaharibu wapi?

Kazi inaanzia kichwani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo ambayo hutuma homoni mbili, LH na FSH, hadi kwenye korodani. LH huziamsha seli zinazotengeneza testosteroni. FSH huziamsha seli nyingine ambazo ni kama yaya, kwa kuwa ndizo zinazozilea mbegu changa hadi zikomae. Kutengeneza mbegu moja huchukua takriban siku 64 hadi 74, kisha huchukua wiki moja au mbili hivi kupita kwenye mrija mrefu uliojikunja nyuma ya korodani, ambako hujifunza kuogelea. Hesabu yote ni kama miezi mitatu.

Ishike hesabu hiyo, maana ndiyo inayowakanganya watu. Dawa uliyojimwagia wakati wa kupanda mwezi wa tatu inaweza kuonekana kwenye kipimo cha mwezi wa sita, wakati umeshasahau. Vilevile kipimo unachofanya leo hakikuelezi ya leo, kinakueleza korodani zako zilivyokuwa zikiishi majira ya mvua.

Dawa inaweza kuingilia katika sehemu tatu. Ya kwanza ni juu, kwenye amri ya ubongo: katika panya, atrazini hupunguza LH, testosteroni nayo hushuka, na panya dume wachanga huchelewa kubalehe. Ya pili ni mlangoni mwa homoni: linuroni, dawa ya magugu inayotumiwa kwenye karoti, hukaa mahali ambapo homoni ya kiume ilipaswa kukaa, hivyo testosteroni ipo lakini haisikiki. Ya tatu ni ndani ya mbegu yenyewe, ambapo kemikali huzalisha chembe kali zinazounguza utando wa mbegu na kukatakata vinasaba vyake. Mbegu ina kinga ndogo dhidi ya chembe hizo, kwa sababu imepunguza mzigo wake wote ili iweze kukimbia.

Kati ya dawa tunazonunua agrovet, ipi ni ya kuogopwa zaidi?

Soma jina la kiambato, usisome jina kubwa la biashara. Dawa moja inaweza kuuzwa kwa majina kumi. Kiambato huandikwa kwa herufi ndogo za Kiingereza: atrazine, glyphosate, 2,4-D, paraquat, diuron.

Atrazini tunaitumia sana kwenye mahindi na miwa. Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa mwaka 2004, hasa kwa sababu ilikuwa inaonekana kwenye maji ya chini ya ardhi. Mwaka 2010 mtafiti Tyrone Hayes na wenzake walieleza jinsi walivyowalea vyura dume katika maji yenye kiasi kidogo sana cha atrazini, na takriban mmoja kati ya kumi akageuka kuwa jike kamili, mwenye uwezo wa kutaga mayai. Matokeo hayo yamebishaniwa sana na mamlaka za Marekani hazikuyakubali, na binadamu si chura. Lakini upo pia utafiti wa Shanna Swan na wenzake wa mwaka 2003, uliowahusu wanaume wa Missouri, jimbo la Marekani lenye mahindi kama Trans Nzoia. Wale waliokuwa na mabaki mengi ya alaklori, atrazini na dawa ya wadudu iitwayo diazinoni kwenye mkojo walionekana zaidi katika kundi la wenye mbegu duni. Hao hawakuwa wapiga dawa. Watafiti walishuku maji yao ya kunywa.

2,4-D huua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi, ndiyo maana hupendwa kwenye miwa, ngano na mahindi. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Argentina, Lerda na Rizzi, walipima wapiga dawa 32 walioitumia na kuwalinganisha na wanaume 25 wasioitumia. Wapiga dawa walikuwa na mbegu zaidi zilizokufa, zisizokimbia na zenye maumbo mabaya. Huko Ontario, Kanada, 2,4-D yenyewe ilipatikana ndani ya manii ya karibu nusu ya wakulima 97 waliopimwa. Mkulima akisikia haya hunyamaza, na mimi namwelewa. Tunaelezwa kwamba dawa huondoka kwa mkojo, na ni kweli huondoka, lakini baadhi yake hupitia kwenye manii pia.

Glaifoseti ndiyo inayouzwa kuliko zote duniani. Ubishi wake mkubwa ni wa saratani: shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka mwaka 2015 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, ilhali Umoja wa Ulaya uliiruhusu tena mwaka 2023 kwa miaka 10. Kuhusu uzazi, mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walieleza kwamba waliipata kwenye manii ya zaidi ya nusu ya wanaume 128 waliofika kliniki ya uzazi, na kiwango chake kwenye manii kilikuwa juu kuliko kwenye damu. Kuikuta pale hakuthibitishi kwamba ndiyo iliyoharibu. Jambo lingine ni kwamba chupa haina glaifoseti peke yake. Ina sabuni ya kuisaidia kupenya jani, na katika majaribio mengi mchanganyiko kamili huwa mkali kwa seli kuliko glaifoseti tupu.

Parakwati nitaitaja kwa neno moja: funda moja linaua, na hakuna dawa ya kuizuia. Kwa hiyo, isikae nyumbani wala kwenye chupa ya soda, hata kama swali lako lilikuwa la uzazi.

Dawa yangu ina utepe wa kijani. Si inamaanisha ni salama?

Rangi ya utepe inakueleza jinsi dawa inavyoweza kukuua au kukulaza hospitali kwa haraka. Nyekundu ndiyo kali zaidi, hufuata njano, kisha buluu, na mwisho kijani. Kipimo hicho hutokana na kiasi kinachoua panya wa maabara. Hakisemi lolote kuhusu mbegu zako baada ya misimu kumi. Mkulima anayevua glavu kwa sababu ameona kijani amesoma lebo vizuri, ila ameiuliza swali ambalo haikuandikwa kulijibu.

Angalia pia kama lebo ina namba ya usajili ya bodi ya serikali inayodhibiti dawa za shambani, PCPB. Mwaka 2025 serikali iliondoa sokoni makumi ya bidhaa na kuziwekea nyingine masharti, kwa hiyo dawa uliyozoea inaweza kuwa haimo tena kwenye orodha. Inayopimwa kwa kikombe kutoka kwenye mtungi usio na lebo usiinunue kabisa.

Kuna mahali ambapo ilithibitishwa kabisa kwamba kemikali ya shambani iliwamaliza wanaume?

Ndiyo, ingawa haikuwa dawa ya magugu. Iliitwa DBCP, ikiua minyoo ya udongoni kwenye ndizi na mananasi. Mwaka 1977, katika kiwanda kimoja huko Lathrop, California, wafanyakazi waliokuwa wakizungumza wao kwa wao waligundua kwamba wengi wao hawapati watoto. Walipopimwa, baadhi hawakuwa na mbegu hata moja. Baadaye maelfu ya vibarua wa mashamba ya ndizi Amerika ya Kati walijitokeza na tatizo hilo hilo. Walioguswa kidogo, mbegu zilirudi. Walioguswa sana, wengi wao hazikurudi.

Kilichonigusa zaidi katika kisa hicho ni namna kilivyogunduliwa. Mitambo haikukiona, wala daktari wa kiwanda. Kiligunduliwa na wanaume waliothubutu kuambiana. Hapa kwetu wapiga dawa sita wanaweza kula pamoja chini ya mwembe mmoja, wanne wakiwa na shida ile ile, na kila mmoja akaenda nyumbani akidhani ni yeye tu.

Mimi siinywi dawa wala siivuti sana. Inaingiaje mwilini?

Kwa ngozi. Watu wengi hufunga leso puani, wakadhani wamemaliza kujikinga. Kwa mpiga dawa wa bomba la mgongoni, sehemu kubwa ya dawa huingia kupitia ngozi, na ngozi ya mwili haina unene mmoja. Mwaka 1971 Howard Maibach na wenzake walipima jinsi dawa ya wadudu iitwayo parathioni inavyopenya sehemu mbalimbali za mwili. Kwenye ngozi ya mfuko wa korodani ilipenya karibu mara 12 zaidi kuliko kwenye mkono. Kila dawa ina upenyaji wake, lakini ngozi yenyewe ni ile ile: nyembamba, yenye joto, yenye jasho.

Sasa tazama bomba lako. Kifuniko kimelegea au mpira wake umekatika. Unapoinama na kuinuka, dawa inachuruzika mgongoni, inafuata uti wa mgongo, inafika kiunoni, inalowanisha makalio, inaingia katikati ya mapaja. Mbele nako umeshika mpini ukipuliza mbele yako huku ukitembea, kwa hiyo magugu uliyoyalowanisha sasa hivi unayapita kwa mapaja. Saa tano jua limewaka, jasho linakutoka. Suruali imelowa mbele na nyuma na wewe utaivaa hadi jioni. Kisha unakwenda kando kukojoa, kwa mikono ile ile uliyofungulia chupa.

Nikiwaeleza hivyo, wanaume hutazama chini. Hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi.

Saa ya hatari kuliko zote ni ile ya kuchanganya, kwa sababu hapo dawa haijatiwa maji. Tone moja la chupani linaweza kuwa na nguvu ya matone mia ya bombani.

Nitavaaje vitu vyote hivyo kwenye joto la Ahero au Nyando?

Huwezi kuvaa kama mwanaanga, na anayekuambia uvae hivyo hajawahi kubeba lita 20 mgongoni saa sita mchana. Anza na yale yanayozuia dawa kufika kiunoni.

Tengeneza bomba kwanza. Mpira wa kifuniko na wa mpini ni vitu vya bei ndogo, na fundi yeyote wa mabomba anavyo. Lijaze maji matupu, livae, pampu mara kadhaa, kisha mwambie mtu akutazame mgongoni. Likitoa tone, halijawa tayari.

Funga karatasi nzito ya nailoni kuanzia mabegani hadi chini ya makalio, na nyingine kiunoni mbele kama aproni. Suruali ipite juu ya gumboti, isiingizwe ndani yake, la sivyo gumboti litakuwa ndoo. Glavu ziwe za mpira usiopitisha maji. Za kitambaa zinakunywa dawa na kuishikilia mkononi. Miwani ni ya wakati wa kuchanganya, usiikose.

Piga asubuhi mapema, upepo ukiwa umetulia na jua halijawa kali. Puliza kwa ubavu, ukihama kuelekea upande ambao bado ni mkavu, ili usipite ulipokwisha kupuliza. Tundu likiziba, usilipulize kwa mdomo. Beba debe la maji safi na kipande cha sabuni hadi shambani, na unawe kabla ya kula, kabla ya kushika simu na kabla ya kukojoa. Kabla ya kukojoa hasa, maana wengi hunawa baadaye tu.

Ukimaliza oga mara moja, usingoje jioni. Nguo za dawa zifuliwe peke yake, na anayezifua avae glavu. Mara nyingi ni mke au binti, na yeye hakukubaliana na mtu yeyote kupata dawa hiyo.

Kunywa maziwa baada ya kupiga dawa si husafisha sumu?

Hapana. Imani hii imeenea kutoka Molo hadi Busia, na nimeona watu wakinywa maziwa badala ya kuoga. Maziwa hayaondoi dawa iliyopita kwenye ngozi. Maji na sabuni huondoa ile ambayo bado haijapita.

Kisima chetu kiko chini ya shamba la mahindi. Nikichemsha maji, dawa inatoka?

Kuchemsha kunaua vijidudu. Atrazini haiondoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua sufuriani huku dawa ikibaki, unaweza hata kuizidisha. Klorini ya chupa nayo haisaidii kwa hili. Chujio la mkaa maalumu uliotengenezwa kwa kazi hiyo ndilo linaloishika, na linapaswa kubadilishwa kwa wakati.

Viwango vinavyokubalika vinatofautiana mno. Umoja wa Ulaya unaruhusu maikrogramu 0.1 ya dawa yoyote ya shamba kwa lita moja ya maji ya kunywa, Marekani 3 za atrazini, na mwongozo wa WHO kwa atrazini na masalia yake unafika 100. Mimi naegemea upande wa tahadhari. Kama una njia ya kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye mabati, yanywe hayo katika wiki za kupiga dawa. Usisafishe bomba mtoni. Mto Nzoia, Yala na Nyando yote humwaga ziwani, na kuna watu wanaoteka kutoka kila kona yake. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji hayo yarudi bombani, kisha itobolewe ili isije ikawa chupa ya maziwa ya mtu.

Na unga wa mahindi niliyopiga dawa?

Hilo lisikuondolee usingizi. Dawa ya magugu hupigwa mapema, kabla ya kupanda au mahindi yakiwa machanga. Kwa mpiga dawa, kinachoingia kwa ngozi siku moja ya kazi ndicho cha kushughulikia kwanza.

Mke wangu ni mjamzito na anafanya kazi Naivasha kwenye maua. Mtoto akiwa wa kiume ataathirika?

Hapa nakuwa mkali zaidi. Viungo vya kiume vya mtoto hupangwa mapema sana tumboni, katika miezi mitatu ya kwanza au mwanzoni mwa wa nne, wakati ambapo mama wengine hata hawajaanza kliniki. Katika kipindi hicho homoni ya kiume ikivurugwa, korodani zinaweza kukosa kushuka au tundu la mkojo likatokea mahali pasipo pake. Mwaka 2008 watafiti wa Denmark walieleza kuhusu wavulana wa miezi mitatu ambao mama zao walifanya kazi kwenye vibanda vya kukuzia mimea walipokuwa wajawazito. Wale ambao mama zao waliguswa na dawa za mimea walikuwa na viungo vidogo zaidi na homoni ya kiume ya chini. Zilikuwa dawa za kila aina, si za magugu pekee, na wengi wa watoto hao walikuwa na afya. Hata hivyo mimi ningemwomba msimamizi wake amhamishie kazi isiyo ya dawa tangu siku anapokosa hedhi, na ningeandamana naye kuomba.

Mvulana akizaliwa, mshike korodani kwa upole wakati wa kumwogesha. Ziwe mbili. Kama moja haijashuka akifika miezi sita, mpeleke hospitali. Usisubiri akiwa darasa la nne.

Nikiacha kupiga dawa, mbegu zitarudi?

Mara nyingi hali huboreka, kama korodani hazijaharibika kabisa. Wale wapiga dawa wa Argentina walipopimwa tena baadaye, idadi ya mbegu zilizokufa na zisizokimbia ilikuwa imepungua, ila maumbo mabaya yaliendelea. Jipe miezi mitatu kamili, ikiwezekana sita, kabla ya kuhukumu. Msimu mmoja kumlipa mtu mwenye bomba zima na nguo za kujikinga ni gharama unayoweza kuibeba.

Kwa wanaopambana na kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kuna njia iliyokuzwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kule Mbita: desmodiamu katikati ya mistari, nyasi za brakiaria pembeni. Mizizi ya desmodiamu huizuia kayongo kushika mahindi, na majani yake ni chakula cha ng'ombe. Haiondoi kila gugu, na mwaka wa kwanza ina kazi, lakini bomba hupumzika.

Kabla ya kulaumu dawa, ni nini kingine kinachoweza kuwa chanzo?

Vingi. Mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, ambayo huonekana kwa zaidi ya theluthi ya wanaume wenye shida ya uzazi na mara nyingi hutibika kwa upasuaji. Kisonono au klamidia isiyotibiwa vizuri. Matumbwitumbwi yaliyokupata ukiwa mtu mzima. Sigara, pombe nyingi, bangi, unene. Na sindano za testosteroni ambazo vijana wa mazoezi huchomwa wakidhani zinaongeza uzazi: hizo huzima amri ya ubongo, na mbegu zinaweza kupotea kabisa. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu amenunua dawa ya kuongeza mbegu barabarani kabla ya kupimwa.

Kipimo kinafanywaje, na namba zake zinasemaje?

Unakaa bila kutoa manii kwa siku 2 hadi 7. Unapewa kikombe safi na chumba cha faragha, unajitoa mwenyewe kwa mkono. Ukifanyia nyumbani, kikombe kifike maabara ndani ya saa moja kikiwa karibu na mwili wako kisipoe. Usitumie kondomu ya kawaida, inaweza kuua mbegu.

Kwa mwongozo wa WHO wa mwaka 2021, vipimo vya chini ni mililita 1.4 za manii, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, milioni 39 kwa jumla, asilimia 42 ziwe zinajongea, na asilimia 4 tu ziwe na umbo zuri. Ndiyo, nne. Wengi huja wakilia na karatasi yenye asilimia 5, kumbe wako sawa. Kuwa chini ya namba hizi si hukumu, ni sababu ya kurudia kipimo baada ya wiki kadhaa na kupima homoni. Mweleze daktari kazi yako kwa kirefu: dawa gani, miaka mingapi, mara ya mwisho lini. Asipouliza, mwambie.

Anza hospitali ya kaunti iliyo karibu nawe. Ukipewa rufaa Kisumu utakwenda Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi bado tunaiita Russia.

Mwajiri hatupi glavu. Tuna haki gani?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awape vifaa vya kujikinga, na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inahusu fidia kwa ugonjwa utokanao na kazi. Andika tarehe za kupiga dawa na piga picha ya lebo kila mara. Bila kumbukumbu hiyo, baada ya miaka mitano utabaki na maneno tu.

Tumekaa miaka mitatu bila mtoto. Mume wangu hataki kupimwa, na mama mkwe anasema ni chira, laana ya kuvunja mila. Nifanyeje?

Dada, pole. WHO huhesabu miezi 12 ya kujaribu bila kupata ujauzito kuwa sababu ya kutosha ya kupimwa, kwa hiyo hujakimbilia hospitali mapema. Na katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, upande wa mume una mchango, peke yake au pamoja na wa mke.

Usianze na neno tasa, wala usilete mabishano ya chira mezani. Anza na bomba. Mwambie umeona suruali yake ikirudi imelowa, na ungependa mpira ule ubadilishwe. Wanaume wengi ambao hawawezi kuzungumza kuhusu mbegu wanaweza kuzungumza kuhusu bomba linalovuja, na mazungumzo yakishaanza hufika yanakokwenda. Kisha mwombe mwende pamoja, ninyi wawili mpimwe siku moja. Kwa vipimo vya mwanamke kuna damu, picha na siku za kuhesabu. Chake ni kikombe tu na mlango wenye komeo.

Akikubali, kipimo cha kwanza kifanyike sasa kabla mvua hazijaanza, na cha pili baada ya miezi mitatu ya suruali kavu. Mje na karatasi zote mbili, na lebo ya dawa anayotumia.